Fardhi Kifaya ya Majengo

Mtu akifariki katika mtaa wa Majengo, iwe Majengo ya Meru au Majengo ya Embu, kazi huanza hapo hapo. Yupo wa kuteka maji ya kuoshea, yupo wa kutafuta sanda, wapo vijana wa kwenda kuchimba kaburi, na yupo wa kuwapigia simu ndugu walioko Isiolo na Nairobi. Hakuna anayesimama mlangoni kuuliza marehemu amekufa kwa kosa la nani. Huenda gari lilimgonga na dereva akatoroka. Huenda dawa hospitalini zilikuwa zimekwisha. Hayo yatafuatwa mbele ya polisi na mahakama, na yafaa yafuatwe, lakini hayamzuii mtu kushika jeneza. Wanazuoni wa fiqhi wameliweka jambo hili wazi tangu zamani: kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakitokea watu wa kutosha wakaitimiza kazi, lawama inawaondokea wote. Wasipotokea, kila aliyejua na akaweza ana dhambi yake. Ninadai hapa kwamba kuyatunza maji, udongo na misitu katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi ni fardhi ya namna hiyohiyo, na kwamba inaanzia kwa walio karibu, hata kama si wao waliosababisha madhara.

Kwamba madhara yapo, halina ubishi. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, Mlima Kenya ulikuwa na barafu zipatazo 18. Zilizobaki leo ni vipande. Barafu ya Lewis, ambayo wataalamu wameipima kwa miaka mingi, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Kisha ukaja ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ikakosa katika Pembe ya Afrika. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipouchunguza mwaka 2023 walikuta kwamba joto lililoletwa na shughuli za binadamu liliongeza uwezekano wa ukame kama ule angalau mara 100. Upande wetu huu wa mashariki ya mlima, mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima wa Tharaka na Mbeere anayoitumainia zaidi. Ikikosa hiyo, anayeuza ndengu analia, na anayenunua ndengu Majengo analia naye.

Hata hivyo, kuna kosa moja katika mazungumzo ya barafu ambalo lazima lisahihishwe, kwa sababu hoja yangu yote inategemea sahihisho hilo. Watu wengi huamini kwamba barafu ikiisha, mito ya Mlima Kenya itakauka. Sivyo. Maji yanayoyeyuka kwenye barafu ni sehemu ndogo mno ya mto Kathita unaopita mjini Meru, au Rupingazi unaopita Embu. Mito hii hulishwa na mvua inayonyesha kwenye miteremko, ikapokewa na msitu, ikazama ardhini na kutoka polepole katika chemchemi hadi miezi ya kiangazi. Barafu imeyeyushwa na dunia nzima, nasi hatuna namna ya kuirudisha. Msitu ni habari nyingine. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipiga doria ya ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, likakuta miti ya asili imekatwa kwa maelfu, tanuri za makaa zikifuka moshi, na mashamba ya bangi katikati ya hifadhi. Msitu wa Imenti ya Chini, ulio jirani kabisa na mji wa Meru, ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa vibaya zaidi. Makaa yale hayakusafirishwa hadi Ulaya. Yalipikiwa chai na maharagwe katika miji yetu. Basi katika msiba huu mmoja kuna sehemu iliyo mbali na mikono yetu na sehemu iliyo mikononi mwetu kabisa, na anayezichanganya hukata tamaa pasipo sababu.

Hapa ndipo anaposimama mpinzani wa kwanza, na hoja yake ni nzito. Atasema kwamba Qur'ani imekwisha kuamua: hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Hewa ukaa itokanayo na mafuta na makaa ya mawe ya Kenya nzima haifiki hata sehemu moja katika elfu ya ile ya dunia. Mama wa Majengo anayepika mahamri kwa jiko la makaa atawezaje kuambiwa ana deni, ilhali viwanda vya Marekani, Ulaya na Uchina vimechoma kwa karne na zaidi? Nakubaliana naye katika kila neno, isipokuwa natija yake. Aya ile inazungumzia dhambi na malipo yake. Inamkinga asiye na kosa asihukumiwe kwa kosa la mwenzake. Haikusema kwamba asiye na kosa hana wajibu. Aliyekuta mtoto ametupwa njiani hakumzaa wala hakumtupa, na bado fiqhi inawawajibisha waliomwona wamwokote, wasimwache afe. Lawama hufuata kitendo. Wajibu hufuata ujuzi, ukaribu na uwezo. Mataifa yaliyochafua yana lawama ambayo hakuna mche wa Majengo utakaoifuta, na fidia yanayodaiwa, ule mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, idaiwe kwa sauti kubwa. Sisi tuna wajibu ambao lawama yao haiwezi kuubeba kwa niaba yetu.

Mpinzani wa pili hasemi habari za Ulaya, anasema habari za serikali. Kodi inalipwa, kaunti ina bajeti, Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 na mpango wa FLLoCA wa kupeleka fedha za tabianchi hadi kwenye kamati za wadi. Kwa nini basi mzigo uwekwe mabegani mwa watu wa mtaa? Jibu liko katika kitabu ambacho masheikh wa pwani na bara wamekisomesha kwa vizazi, Minhaj ya Imam Nawawi. Anapotaja fardhi kifaya, Nawawi anatia ndani kuwaondolea watu madhara, kama vile kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pale zaka na hazina ya umma zisipotosha. Ona alivyopanga: hazina kwanza, kisha watu. Hazina haiachiliwi, inadaiwa. Lakini kushindwa kwake hakuwapi wenye uwezo ruhusa ya kutazama tu. Kuidai nako ni sehemu ya fardhi yenyewe. Mkaaji wa Majengo anayekwenda kwenye kikao cha wadi akauliza fedha za tabianchi zimetumika wapi, akakataa kuondoka bila jibu, amefanya ibada sawasawa na aliyeshika jembe. Hata kabla ya Nawawi, Imam Ghazali aliyefariki mwaka 1111 aliwahi kulalamika kwamba miji ilikuwa imejaa watu wanaokimbilia elimu ya mabishano ya fiqhi huku haina tabibu Mwislamu, na tiba ni fardhi kifaya. Sidhani angetazama kwa wepesi mtaa wenye mihadhara kila wiki na usio na kitalu kimoja cha miche.

Fardhi kifaya ina hatari yake, nayo ni hatari ya dhana. Wanazuoni walisema wajibu humwondokea mtu anapokuwa na dhana yenye nguvu kwamba wengine wameitimiza kazi. Katika mazishi dhana hiyo hupatikana kwa urahisi, kwani kaburi linaonekana. Katika mazingira kila mtu anadhani mwenzake ameshafanya: mpangaji anadhani ni mwenye nyumba, mwenye nyumba anadhani ni kaunti, kaunti inadhani ni wafadhili. Sherehe huikuza dhana hiyo. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangaza sikukuu ya taifa zima ili miche milioni 100 ipandwe kwa siku moja. Sina nia ya kuidharau siku ile. Taifa zima kuacha kazi kwa ajili ya miti ni jambo kubwa. Lakini kilichohesabiwa ni miche iliyoingia shimoni, na mche ulioingia shimoni bado haujawa mti. Mbuzi yupo, kiangazi cha Januari kipo, na mtoto anayetafuta fimbo yupo. Aliyepanda akaondoka ameacha fardhi ikiwa bado imesimama, na ubaya wake ni kwamba ameacha pia dhana kuwa imekwisha.

Ndiyo maana naona wakulima wadogo wa Meru wana jambo la kuwafunza watu wa mjini. Mpango wa kupanda miti wa TIST, ulioanza Mpwapwa nchini Tanzania mwaka 1999 ndani ya dayosisi ya Anglikana na kufika Kenya mwaka 2004, una vikundi vingi katika mashamba ya Meru na Embu. Kikundi ni cha watu 6 hadi 12. Uongozi huzunguka, asikae mtu mmoja akageuka chifu, na katika mikutano yao wana desturi waiitayo kujengana, kila mwanachama akitajiwa jema mahsusi alilolitenda. Wanaokuja kukagua huhesabu miti iliyo hai, shamba kwa shamba, na kupima unene wa mashina. Malipo kidogo ya kila mwaka hufuata mti uliosimama, mti uliokufa haulipwi. Huo ni uadilifu wa mizani ambao Sura ya Ar-Rahman inausisitiza. Najua lipo la kulalamikia. Hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti ile huuzwa kwa makampuni ya mbali, na kampuni inayonunua ili iendelee kuchafua kama jana imenunua udhuru. Hilo linanisumbua, na sitaki Majengo wafunzwe kwamba mti una thamani kwa sababu kuna mnunuzi. Ila desturi ya kurudi, kuhesabu na kuandika ukweli, hata ukiwa wa aibu, inafaa kuchukuliwa nzima na kuletwa mtaani bila biashara yake.

Wapo wasemao kwamba haya yote ni kadari: mvua ni ya Mungu, akitaka huleta, akitaka huzuia, na ukame ni dalili za zama za mwisho. Anayesema hivyo humdhania Mungu jambo ambalo dini yenyewe imelikanusha. Mtume, swala na salamu zimshukie, alielekeza kwamba mtu Kiama kikimkuta na mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Hakuna mafunzo yaliyo mbali zaidi na kukata tamaa kuliko hayo. Tazama pia swala ya kuomba mvua, ambayo huswaliwa katika maeneo yetu msimu unapogoma. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi, watu hawatoki tu uwanjani wakainua mikono. Kabla yake huamrishwa kufunga, kutoa sadaka, kutubu, na kurudisha haki za watu walizodhulumu. Yaani hata ombi linaloelekea mbinguni lina sharti la kusafisha hesabu ya duniani. Sura ya Ar-Rum inaufungamanisha uharibifu wa nchi kavu na bahari na yale mikono ya watu iliyoyachuma, na inataja kusudi: wapate kurejea. Anayemwaga taka Kathita asubuhi na kuomba mvua jioni, haki za watu wa chini ya mto amezirudisha lini? Maji yale huenda Tharaka, yakaungana na Tana, yakapita Garissa na Hola hadi Kipini baharini. Wanaotawadha kwayo huko ni jirani zetu kwa mto, kama walivyo jirani wanaogusana nasi ukuta.

Inafaa kushuka sasa hadi kwenye birika. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichozidi robo tatu ya lita kwa makadirio ya wengi, na akaoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mfereji wa msikitini ukifunguliwa wote humwaga lita 5 au 6 kwa dakika, na mwenye kutawadha akizungumza na mwenzake huuacha utiririke. Chukua msikiti wenye watu 60 kwa kila swala, kila mmoja akizidisha lita 3 tu juu ya haja yake: ni lita 900 kwa siku, mitungi 45 ya lita 20 ambayo katika wiki ya mgao wa maji ingeuzwa mtaani kwa mkokoteni. Na hata maji yaliyokwisha kutumika hayajafa. Kwa Mashafi, maji ya udhu yaliyotumika ni tohara ingawa hayatwahirishi tena. Hayafai kutawadhia mara ya pili, lakini hakuna kizuizi cha kumwagilia mparachichi au mkarakara. Bomba moja linalotoka kwenye mfereji wa kutawadhia hadi uani, badala ya kuishia mtaroni, ni fiqhi iliyotendwa.

Kuhusu makaa hoja si rahisi hivyo, na hapa mpinzani anayesema kwa ajili ya maskini lazima asikilizwe kwa heshima. Gesi ni ghali, na mtungi hujazwa kwa fedha nyingi mara moja, ilhali makaa yananunuliwa kwa mkebe, kadiri ya shilingi zilizopatikana leo. Kumhubiria mtu wa namna hiyo habari ya msitu ni ukatili. Fiqhi inamjua: dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini fiqhi hiyohiyo imeweka kanuni inayofuata nyuma yake, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Anayelazimika kuwasha makaa halazimiki kuyapoteza. Jiko lenye ukuta wa udongo wa kuchomwa, lililotengenezwa na kusambazwa na mafundi wa jua kali wa Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi hadi nusu likitengenezwa vizuri, na humpunguzia mpishi matumizi kabla ya kuupunguzia msitu mzigo. Karamu za harusi na futari za Ramadhani ni suala jingine kabisa. Sufuria la pilau la watu 200 haliko katika dharura. Kuna kamati, kuna mchango, kuna muda wa kupanga. Chakula kinachomwagwa baada ya karamu ni israfu ambayo hakuna umaskini unaoweza kuitetea. Ningependa kuona masheikh wakiwa wakali hapo na wapole kwenye jiko la mama wa mahamri, maana mara nyingi tunafanya kinyume.

Majengo si mtaa wa Waislamu peke yao, na mtu anaweza kuuliza hoja iliyojengwa juu ya fiqhi inamsemesha vipi Mmethodisti au Mkatoliki anayeishi mlango wa pili. Nadhani inamsemesha kwa sababu mantiki yake haimilikiwi na dini moja. Wazee wa Njuri Ncheke wa Wameru na vichaka vitakatifu vya Wambeere viliwahi kulinda miti kwa kanuni ya jamii nzima, bila kuuliza nani hasa aliinua shoka. Waraka wa Papa Francis wa mwaka 2015, Laudato Si', na tamko la Waislamu lililotolewa Istanbul mwaka uleule, yote mawili yanaweka amana mbele ya lawama. Mwaka 2024 waraka wa Kiislamu uitwao Al-Mizan ulizinduliwa Nairobi, wakati wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Huko Pemba, kisiwa cha Misali kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walisomeshwa mafunzo ya Kiislamu ya kutunza bahari kwa msaada wa mwanaharakati wa mazingira wa Kiislamu, Fazlun Khalid, na taasisi yake, kwa kuwa amri ya serikali peke yake haikuwa imewagusa kama lilivyowagusa neno la dini yao. Kila mmoja aingie katika kazi hii kwa mlango wa nyumba yake. Mti wenyewe hauna dhehebu.

Limebaki swali la nani hasa aanze, ambalo fardhi kifaya hulijibu kwa ukali kuliko watu wanavyotarajia. Imam Juwayni, mwalimu wa Ghazali, aliona kwamba anayeitimiza fardhi kifaya ana cheo kikubwa, kwani anawaondolea umma mzima mzigo, wakati anayetimiza fardhi aini, ile ya kila mtu binafsi, anajiondolea wake tu. Lakini upo upande wa pili wa kanuni hii: pale ambapo mtu mmoja peke yake ndiye mwenye uwezo wa kulifanya jambo, fardhi kifaya humgeukia ikawa fardhi aini, sawa na swala tano. Mtaa ukiwa na mwogeleaji mmoja na mtoto anazama, hana wa kumwachia. Sasa nani katika Majengo ana paa kubwa la mabati linalopokea mvua ya Novemba na kuimwaga yote barabarani? Nani ana kiwanja kisicho na mpangaji, sauti inayosikika kila Ijumaa, na hazina ya sadaka isiyodaiwa kodi ya nyumba? Mpangaji wa chumba kimoja hana gata wala tangi. Akipanda mti, mwenye nyumba anaweza kuung'oa kesho. Kamati ya msikiti ina vyote hivyo. Wenye nyumba, ambao wengi wao husali safu ya mbele, wana sehemu yao. Kwa hao jambo hili halingojei tena watu wa kutosha kujitokeza, na kabla ya msimu ujao wa mvua wanapaswa kujibu kwa majina yao: gata ziko wapi, tangi ni la lita ngapi, na kati ya miche iliyopandwa mwaka jana ni mingapi iliyo hai.